Uhalifu ni Nini, na Huhesabiwaje?

Mkulima mmoja wa Ukambani, na ichukuliwe hivyo kwa mfano, aamka alfajiri akuta ua umevunjwa na mbuzi wake wawili hawapo. Nyayo zaonekana mpaka mtoni, wala hana shaka kwamba ameibiwa. Majirani wamshauri aende kituo cha polisi, lakini kituo kiko mbali, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mvua imenyesha usiku, na siku hiyo ni ya kupanda. Basi amwendea mzee wa kijiji. Siku ya nne mwizi ajulikana: ni mtoto wa ndugu yake mwenyewe. Wazee wakutana, mbuzi mmoja arudishwa akiwa hai, yule wa pili aliyekwisha kuliwa alipwa kwa fedha, na maneno yamalizika. Mwaka unapokwisha, hesabu ya wizi wa mifugo ya nchi nzima yapigwa chapa huko Nairobi. Mbuzi wale wawili hawamo.

Je, palitendeka uhalifu, au hapakutendeka? Mkulima atajibu kwamba palitendeka, na sheria itamwunga mkono. Kitabu cha hesabu kitajibu kwamba hapakuwa na kitu. Jambo hili si dogo, kwa maana kila mwaka watu husikia ya kuwa uhalifu umepanda au umeshuka kwa asilimia kadhaa, na kwa habari hizo askari hugawanywa, vituo hujengwa mahali pamoja visijengwe pengine, fedha hutengwa, na mtaa mmoja hupata jina baya ambalo huwafuata vijana wake hata waendapo kutafuta kazi. Yafaa basi msomaji ajue hesabu hizo hutoka wapi.

Si kila ubaya ni jinai

Jinai ni tendo, au pengine kule kuacha kutenda, ambalo sheria imelikataza na kuliwekea adhabu, na ambalo dola hulihesabu kuwa ni kosa juu yake yenyewe. Maneno hayo ya mwisho ndiyo huwashangaza wengi wafikapo kortini. Mwenye mbuzi hudhani kwamba shauri ni lake. Kumbe faili imeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, naye ni shahidi tu. Wengi wamerudi nyumbani wakinung'unika kwamba mwizi amefungwa na mbuzi hawajaonekana. Mtu anayedai deni lake au mpaka wa shamba lake huwa na shauri la madai, na humo yeye ndiye mwenye shauri.

Ukuta huo kati ya jinai na madai haukuwako kwa watu wote. Kwa Wasomali, mathalan, damu ya mtu aliyeuawa ililipwa kwa ngamia, na kipimo kilichojulikana kwa mwanamume kilikuwa ngamia 100, ambao hawakutoka kwa mwuaji peke yake bali kwa jamaa zake wote. Mila hiyo haijafa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikubali shtaka la mauaji liondolewe kwa sababu jamaa za pande mbili walikuwa wamekwisha kupatana na fidia kulipwa, na wanasheria wangali wakibishana kama uamuzi ule ulikuwa wa haki. Kwa somo hili yatosha kuona jambo moja: katika daftari ya polisi kifo kile ni mauaji, na katika daftari ya mahakama hakuna aliyehukumiwa.

Tena, yako mabaya mengi ambayo si jinai kabisa. Uzinzi ni dhambi msikitini na kanisani, nao waweza kuvunja ndoa mbele ya hakimu, lakini polisi wa Kenya hawamkamati mtu kwa uzinzi. Uchoyo, masengenyo, kumtelekeza rafiki katika shida, hayo yote jamii huyaadhibu kwa njia zake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, yakataza mtu kuhukumiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa wakati alipolitenda. Hakimu hana ruhusa ya kutunga kosa jipya kwa kuwa amechukizwa.

Hata tendo lenyewe halitoshi. Hutazamwa na nia. Mtu achukuaye mwavuli wa mwenzake mkahawani, akiamini kwa moyo safi kwamba ni wake, hajaiba. Sheria yasema kwamba wizi ni kuchukua kwa hila na pasipo dai la haki. Kwa hiyo matendo mawili yafananayo kwa macho, mkono ule ule ukinyanyua mwavuli ule ule, moja laweza kuwa jinai na jingine kosa la kusahau.

Sheria hubadilika, na uhalifu pamoja nayo

Tangu mwaka 1897 korti za nchi hii zilifuata Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi. Mwaka 1930 ikaletwa Kanuni ya Adhabu ambayo mpaka leo ni Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, nayo asili yake ni sheria iliyotungwa mwaka 1899 na Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, huko Australia, ikapitia Nigeria kabla ya kufika huku. Hivi ndivyo ilivyotokea kwamba maneno yaliyoandikwa kwa watu wa mji wa Brisbane yakawa ndiyo yaamuayo nani ni mwizi na nani si mwizi katika soko la Kisii.

Wazee wengi wamesimuliwa na baba zao habari za kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimia umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua hati yenye alama za vidole na habari za kazi yake, nayo ilitiwa katika kikasha cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Aliyekutwa bila kipande alikuwa mhalifu. Aliyeacha kazi ya shamba kabla ya muda wake kwisha alikuwa mhalifu, ijapokuwa leo jambo hilo ni la madai baina ya mwajiri na mwajiriwa. Watu kwa maelfu walishtakiwa na kufungwa, na kila mmoja wao aliandikwa katika hesabu za uhalifu za miaka ile. Sheria ya mwaka 1947 ilipoleta uandikishaji wa watu wa rangi zote, kosa lile la zamani likaondoka. Mtu atakayezisoma hesabu za mwaka 1930 akadhani kwamba anapima wema au ubaya wa Waafrika wa wakati ule atakuwa amekosea sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya anachopima ni haja ya walowezi ya kupata vibarua.

Yako na mambo ya karibu zaidi. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo iliifuta marufuku hiyo, na tangu hapo mpishi aweza kupata leseni. Mhalifu sasa ni yule aipikaye pasipo leseni au aitiaye sumu. Kwa upande wa pili, ukeketaji wa wanawake, ambao watu wengi waliuona kuwa ni heshima ya ukoo, ulikatazwa kwa watoto mwaka 2001 na kwa wanawake wote mwaka 2011. Mpaka mwaka 2022 mtoto wa miaka 9 aliweza kushtakiwa ikithibitishwa kwamba alijua ubaya wa tendo lake; sheria ya watoto ya mwaka huo ikapandisha umri, na mtoto asiyetimia miaka 12 hashtakiwi tena. Na kwa muda mrefu mtu aliyejaribu kujitoa uhai akaokolewa aliweza kutolewa hospitali akapelekwa kizimbani, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kwamba kifungu hicho cha 226 chapingana na Katiba.

Mfaransa Émile Durkheim aliandika juu ya jambo hili mwaka 1893. Alisema kwamba jamii haichukii tendo kwa sababu ni jinai, bali tendo huwa jinai kwa sababu jamii imelichukia. Kuna ukweli mwingi katika maneno yake, ingawa habari za kipande zaonyesha kwamba yapasa kuuliza kwanza ni nani katika jamii mwenye kalamu ya kuandika sheria.

Toka tendo mpaka namba

Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotangulia kupiga chapa hesabu za makosa ya nchi nzima kila mwaka, tangu mwaka 1827. Mbelgiji Adolphe Quetelet alizitazama hesabu hizo akastaajabu kuona jinsi zilivyofanana mwaka hata mwaka. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1835 alikiri shida kubwa: makosa yajulikanayo ni sehemu tu ya makosa yote, na hesabu haina maana isipokuwa idhaniwe kwamba sehemu ile ijulikanayo haibadiliki sana ikilinganishwa na ile isiyojulikana. Miaka karibu 200 imepita, na shida ya Quetelet ingaliko pale pale.

Katika Kenya, tendo huanza kuhesabiwa pale linapoandikwa katika Kitabu cha Matukio cha kituo, ambacho watu wengi hukiita OB. Kabla ya hapo mengi hutokea. Aliyedhulumiwa lazima ajue kwamba amedhulumiwa, aamini kwamba kwenda kituoni kuna faida, na apate nauli. Lazima asiwe na hofu ya mtu aliyemdhulumu, na hofu hiyo ni kubwa zaidi mtu huyo anapokuwa ni mumewe, au mwajiri wake, au askari. Kisha akifika, askari wa zamu lazima aamini habari, achague jina la kosa, na aandike. Kosa likitendwa na pande mbili zenye furaha, kama rushwa, hakuna wa kulalamika. Bangi nayo huonekana katika hesabu kwa kadiri polisi wanavyoisaka. Kituo kikifanya msako mara kumi, makosa ya bangi yatapanda, ijapokuwa wavutaji ni wale wale.

Jinsi ya kuhesabu nayo yataka kukubaliwa. Matatu yenye abiria 14 ikiporwa na watu watatu, hayo ni makosa mangapi? Nchi moja itahesabu tukio moja, nyingine itahesabu watu walionyang'anywa. Kila kanuni ina sababu zake. Ubaya huja pale kanuni inapobadilishwa kimya kimya katikati ya miaka. Uingereza na Wales zilibadili kanuni zao mwaka 1998 na tena mwaka 2002, na makosa ya jeuri yaliyoandikwa na polisi yakapanda, hali wananchi walipoulizwa nyumbani kwao, majibu yao hayakuonyesha kupanda huko.

Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi wa nchi hiyo walitoa ripoti iliyowafedhehesha wakubwa wengi. Walikuta kwamba katika kila makosa matano yaliyoripotiwa na watu, karibu moja halikuandikwa kuwa ni kosa, jumla yake ikiwa kama 800,000 kwa mwaka. Kwa makosa ya jeuri, theluthi moja ilipotea. Kwa makosa ya kingono, zaidi ya robo. Watu hawa hawakukaa kimya kama mkulima wa Ukambani. Walikwenda, walisema, wakarudi nyumbani wakiamini kwamba neno lao limeandikwa. Mwaka huo huo msimamizi wa takwimu wa Uingereza aliziondolea hesabu za polisi cheo cha takwimu rasmi za kuaminiwa.

Kulinganisha nchi na nchi

Hesabu za makosa hulinganishwa kwa kila watu 100,000, kwa maana haifai kulinganisha mji mkubwa na kijiji kwa jumla tu. Njia yake ni nyepesi. Katika mwaka 2019 polisi wa Kenya waliandika makosa yapata 93,000, na sensa ya mwaka huo ilipata watu 47,564,296. Yagawanywe makosa kwa watu, kisha yazidishwe kwa 100,000: jibu ni karibu 196. Katika Uingereza na Wales, polisi huandika makosa zaidi ya 5,000,000 kwa mwaka, na watu ni kama 60,000,000. Jibu ni zaidi ya 8,000.

Je, Mwingereza ni mhalifu mara 40 kuliko Mkenya? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Huko mtu akiibiwa baiskeli hupiga simu kwa sababu kampuni ya bima haimlipi pasipo namba ya polisi. Ukorofi mdogo wa barabarani ambao huku humalizwa na mzee wa mtaa kwa karipio, huko huandikwa. Hivyo namba kubwa yaweza kuwa ni dalili ya watu kuwaamini polisi wao, na namba ndogo yaweza kuwa ni dalili ya watu waliokata tamaa. Wako wakuu wa vituo duniani kote ambao hupandishwa cheo kwa sababu makosa yamepungua. Lingekuwa jambo la ajabu kama hakuna hata mmoja aliyejifunza kuyapunguza kwa kalamu.

Mfano wa mwaka 2020 wastahili kukumbukwa. Makosa yaliyoandikwa nchini Kenya yalishuka toka yale 93,000 mpaka karibu 70,000, yaani kwa robo nzima. Huo ulikuwa mwaka wa Korona. Tangu tarehe 27 Machi watu walikatazwa kutoka nje usiku; mabaa yalifungwa, safari zikapungua, na mwizi wa nyumba alimkuta mwenye nyumba yumo ndani. Lakini kafyu ile ile ilizaa kosa ambalo halikuwako tarehe 26 Machi: kuonekana barabarani baada ya saa moja usiku. Na yule mwanamke apigwaye nyumbani alifungiwa pamoja na ampigaye, bila njia ya kufika kituoni. Kwa hiyo robo ile iliyopungua yachanganya amani ya kweli na ukimya wa kulazimishwa, wala hakuna awezaye kuitenganisha kwa kuitazama tu.

Kuwauliza watu wenyewe

Kwa ajili ya upungufu huo, nchi nyingine zimeanza kuhesabu kwa njia ya pili. Marekani tangu miaka ya 1970, na Uingereza na Wales tangu mwaka 1982, hutuma watu nyumba kwa nyumba kuwauliza wananchi ni mabaya gani yaliyowapata katika miezi iliyopita, wawe waliripoti au hawakuripoti. Njia hii huleta nuru, lakini nayo ina mapungufu. Marehemu hawaulizwi. Mtu alalaye barabarani hana mlango wa kubishiwa. Duka lililoibiwa si mtu wa nyumbani, na mwenye kula rushwa hatasema.

Kenya nayo ina kipimo cha namna hiyo, ingawa hakikuundwa kwa ajili ya polisi. Uchunguzi wa afya na watu wa mwaka 2022 uliuliza wanawake wa umri wa miaka 15 mpaka 49 kama wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimia miaka 15. Asilimia 34 walijibu ndiyo. Mtu na aihesabu mitaa yake: katika kila wanawake tisa wanaokutana kisimani au kwenye chama cha akiba, watatu. Hakuna daftari ya kituo chochote iliyopata kukaribia hesabu hiyo.

Kosa ambalo watu wa takwimu huliamini zaidi ni mauaji, kwa kuwa maiti ni vigumu kufichwa na kifo huandikwa mahali pengi. Lakini hata hapo pana mitego. Daktari mmoja wa Uingereza, Harold Shipman, aliwaua wagonjwa wake kwa sindano kwa miaka mingi, akakamatwa mwaka 1998; vyeti vya vifo alikuwa akiviandika yeye mwenyewe, kwa maradhi ya kawaida. Uchunguzi ulipokwisha, zaidi ya vifo 170 viliingizwa vyote pamoja katika hesabu ya mauaji ya mwaka 2002 na 2003. Msomaji asiyejua habari hiyo huona mwaka mmoja wa kutisha, na kabla yake miaka mingi ya salama, hali vifo vyenyewe vilitokea katika miaka ile ya salama.

Yule mkulima wa Ukambani hakukosea kuwaendea wazee. Amani ya ukoo wake ilikuwa na thamani kuliko mbuzi. Lakini boma la jirani likivunjwa mwezi ujao, na la tatu baada yake, na wote wakanyamaza, ofisi ya kaunti itakapofikiri mahali pa kuweka kituo kipya itatazama karatasi, na karatasi itasema kwamba upande ule hakuna wizi. Kuripoti hakutozwi fedha. Mwenye kuripoti hupewa namba ya OB, yenye tarehe, nayo yafaa iandikwe mahali pasipopotea, kwa maana akirudi baada ya wiki mbili na askari wa zamu akawa ni mwingine, namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba alikuja.